Kubeba magunia ya waru bila kuvunja mgongo

Msimu wa kuchimba waru (viazi) ukifika huku Molo na Kuresoi, mgongo ndio unaharibika kabla ya jembe. Haya maneno ya "kunja magoti, nyoosha mgongo" kila mtu ameyasikia na ni ya kweli, lakini mimi naona tunaanzia pabaya, kwa sababu ukijaza mukurino, lile gunia la kuongezwa wavu juu, mpaka wavu unavimba gunia linapita kilo 100, na hapo hakuna mkao wa kukuokoa hata upige magoti kama uko kanisani. Kanuni za viazi za Kenya za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Broka atanuna, atakwambia jirani yako anajaza. Mwache anune, kwani ni yeye anabeba?

Na hata hizo 50 si za mtu mmoja. Mwongozo wa Uingereza unasema mwanaume akifikisha kilo 25 na mwanamke 16 wakiwa wameshika mzigo karibu na kiuno, ni wakati wa kuangalia vizuri hiyo kazi, na kuinua kutoka chini kabisa inashuka hadi 10 na 7. Mtungi wa maji wa lita 20 tayari umepita hapo! Kwa hivyo gunia liinueni wawili, mliolingana urefu, mmoja ahesabu moja mbili tatu.

Afadhali zaidi, msilibebe kutoka bondeni. Weka magunia matupu pale lori au punda anafika, kisha mlete waru kwa ndoo, nusu nusu. Mtazunguka mara nyingi, ndiyo, lakini jioni mtakuwa mnatembea wima. Gunia la kubeba begani liwekwe kwanza juu ya kreti au ukuta unaofika kiunoni. Kwa wilbaro sukuma uzito mbele karibu na gurudumu, si upande wa vishikio.

Kile wengi hawajui ni kwamba kuinua mzigo huku unajipinda ni kubaya kuliko kuinua ukiwa umenyooka, hasa gambuti zikishikwa na matope halafu unazungusha kiuno urushe gunia kwa lori. Sogeza miguu, ugeuke mwili wote. Mimi nilishusha mfuko wa dairy meal wa kilo 70 kwa boda hivyo hivyo, nikasikia kitu kimelia ndani, na wiki tatu nikawa naangalia ng'ombe wangu akikamuliwa na watu wengine.

Leso ya kufunga kiunoni inakupa ujasiri tu, haipunguzi uzito. Mama mjamzito na watoto wa shule wasiwekwe kwa hii kazi.

Ukishaumia usilale wiki nzima, tembea polepole, usiinue kitu. Lakini ukisikia ganzi kati ya mapaja, miguu inalegea au umeshindwa kuzuia mkojo, hiyo si ya kukandwa na maji moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama lori bado halijajaa.