Kabla hujanunua DVD raita nyingine, ipime kwanza hii uliyonayo

Jamani, ukiona raita yako (kile kifaa cha kuandikia DVD) imeandikwa spidi ya 16x usitegemee itakimbia hivyo mwanzo mpaka mwisho, 16x ni pale mwisho tu ikifika ukingoni mwa diski, huku ndani inaanzia kama 6x inapanda taratibu, ndo maana DVD nzima ya GB 4.7 inakula kama dakika 6 hivi. 1x ya DVD ni kama MB 1.385 kwa sekunde, kwa hiyo 16x inakaribia MB 22.

Kupima chukua ImgBurn, programu ya kuandikia diski, ni ya bure, ina sehemu inaitwa Discovery inayojitengenezea data yenyewe, hivyo hadisk ikiwa nzito haikuharibii matokeo. Diski weka mpya ila nzuri, zile za bei poa za mtaani zinakudanganya kabisa. Kama una DVD-R unaweza kufanya majaribio bila kuandika chochote, ila DVD+R hazina hiyo kitu, hapo bora utumie RW, zile diski zinazofutika, ufute urudie, japo spidi yake ni ndogo.

Sasa angalia bafa (akiba ya data inayosubiri kuandikwa) kwenye skrini wakati inaandika, ikipandashuka kila saa ujue tatizo ni kompyuta au kebo wala si raita. Na mashine za zamani zinazotumia IDE, ile kebo pana ya kuunganishia draivu, Windows ikikutana na makosa mengi inaishusha draivu kwenye PIO, njia ya polepole ya kupitisha data, inakuwa nzito balaa. Ikimaliza kuandika usisahau Verify, yaani kuisoma tena diski kuhakiki, spidi bila diski kusomeka haina kazi.