Kubandua grafini kwa selotepu, na kuiona

Grafini ni tabaka moja la atomi za kaboni, linalobanduliwa kutoka grafiti. Kila anayeanza kazi hii huuliza swali lilelile: nimebandua, mbona sioni kitu? Mara nyingi tatizo liko kwenye silikoni, yaani kile kibamba ambacho grafini hubandikwa juu yake, si kwenye mikono yake.

Njia ni ileile ya wanafizikia Andre Geim na Konstantin Novoselov, Manchester, 2004. Hutoa vipande vidogo vya utafiti. Anayetaka karatasi pana za vihisi au skrini aende kwenye grafini inayooteshwa juu ya shaba kwa gesi ya methani, joto la karibu 1000°C.

1. Chukua grafiti ya asili yenye magamba makubwa. Ya penseli imechanganywa na udongo, iache.

2. Bandika gamba kwenye selotepu, kunja, bandua. Mara chache tu. Ukizidisha unabaki na unga. Selotepu ya ofisini huacha gundi, mimi natumia ule utepe wa bluu wa viwandani wa kukatia silikoni.

3. Silikoni. Hapa ndipo siku nzima hupotea. Tabaka moja hunyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga, na unene wake ni kama nanomita 0.34. Linaonekana kwa hisani ya oksidi, utando ulio juu ya silikoni chini yake, inayorudisha mwanga kwa namna ya kukuza tofauti hiyo ndogo. Oksidi iwe na unene wa nanomita 300, au 90. Ikiwa 315 badala ya 300, tabaka moja linaweza kupotea kabisa machoni ingawa lipo palepale! Kwa hiyo usiamini lebo ya boksi. Pima kwa elipsomita, kifaa cha kupima unene wa utando kwa mwanga. Kama huna, linganisha rangi na kipande kilichokwisha kukupa grafini. Safisha kwa asetoni, kisha isopropanoli, kisha plasma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa umeme), na ubandike selotepu yenye magamba papo hapo kabla uso haujashika unyevu na uchafu tena. Pasha moto 100°C dakika moja au mbili selotepu ikiwa bado juu, acha ipoe, bandua polepole mno.

4. Tafuta kwa hadubini, lenzi ya kukuza mara 20 na kichujio cha kijani. Wanaokimbilia lenzi ya 100 huzunguka hadi jioni. Njano inayong'aa ni grafiti nene, bluu iliyokolea ni matabaka mengi. Unachotaka ni kivuli cha zambarau kilichofifia, aghalabu pembeni mwa kipande kinene.

5. Hakikisha kwa Raman, kipimo cha kutambua mata kwa mwanga wa leza unaotawanywa, leza ya kijani isiyozidi miliwati 1. Matokeo ni grafu yenye vilele, vinavyoitwa D, G na 2D. Kilele cha 2D, karibu na 2700 cm⁻¹, kiwe kimoja, chembamba, na kirefu kama mara mbili ya G kilicho karibu na 1580. Kilele cha D kwenye 1350, katikati ya kipande, ni kasoro. Matabaka mawili yaliyopishana kwa pembe huweza kuiga tabaka moja, basi rudi uangalie rangi pia.

Kwa grafini ya matabaka mawili yaliyozungushwa nyuzi 1.1, ile ambayo watafiti wa MIT, chuo cha Marekani, walionyesha mwaka 2018 kuwa hupitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana, tafuta kipande kirefu cha tabaka moja, ukigawe, kisha uweke nusu moja juu ya nyingine. Nusu zote mbili zina mpangilio uleule wa atomi, hivyo pembe unayozungusha ndiyo unayoipata.