Nyumba Marekani bila dalali wako: uliza hili kabla ya ofa

Mlioko Marekani mnaotaka kununua nyumba iliyotangazwa bila kuweka dalali: mwandikie dalali wa muuzaji swali moja, "Mnunuzi akija peke yake, kamisheni yako inabaki ileile au inaongezeka?" Tangu Agosti 2024 fungu la kamisheni la dalali wa mnunuzi halitangazwi tena kwenye orodha nyingi za madalali za nyumba zinazouzwa, ni la kujadiliana. Akijibu haongezewi, muuzaji anaokoa fungu hilo, kwa hiyo omba ndani ya ofa yenyewe bei ishuke, au muuzaji akuchangie gharama za kukamilisha mauzo. Ila kama mkataba wake na muuzaji unampa mafungu yote mawili, lake na la dalali wa mnunuzi, huna cha kudai. Nyumba ikigombaniwa, sahau kabisa. Na hata akichangamka vipi, huyo ni mtu wa muuzaji: usimtajie bajeti yako. Ukipata punguzo, sehemu yake mlipe wakili na mkaguzi wa nyumba.