Kupanga nyumba ukiwa na asubuhi moja tu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia wifi yangu wa Ngamiani, hapa Tanga. Ni nesi, zamu zake hazitabiriki, ana watoto wadogo, na nyumba yake ni ya Kiswahili yenye korido katikati ambako kila kisicho na pa kukaa kinaegemezwa ukutani. Ukiwa na wiki nzima fanya utakavyo. Hapa nasema na mwenye asubuhi moja, kuanzia chai hadi adhuhuri.

Hatua ya 1: Chumba kimoja

Anza na chumba cha kulala chenye kabati. Korido iache mpaka siku nyingine, maana vitu vyake vimetoka vyumbani, na vyumba visipopangwa vitarudi palepale.

Hatua ya 2: Viroba vitatu

Cha taka, cha kugawa, cha kurudisha kwa wenyewe. Tumia viroba vya sandarusi vya mchele au sukari, visivyoonyesha ndani. Mfuko unaoonyesha ni hasara: mtoto akiona gari lake bovu analichomoa, na bibi naye akiona kikombe kisicho na mkono atakumbuka matumizi yake. Pasi iliyoungua, feni isiyozunguka na sufuria lililotoboka vikusanye kando, vijana wa vyuma chakavu watapita na mizani yao.

Hatua ya 3: Mizigo ya watu

Kila nyumba ya Tanga ina begi la mtu. Binamu aliyekwenda Dar kutafuta kazi, mpangaji aliyehama, shangazi aliyesema "niwekee mpaka nirudi". Usilifungue peke yako. Lipige picha, mtumie mwenyewe, mpigie papo hapo ukiwa umesimama mbele yake na mpatane tarehe ya kulichukua. Anayesema "nitakuja tu" mwambie utampakilia kwenye basi pale stendi ya Kange, yeye alipie mzigo. Wengi hukumbuka haraka.

Vya marehemu usiguse. Hiyo ni mirathi na ina wenyewe wa kukaa nayo kikao. Linyanyue tu begi kutoka sakafuni uliweke juu ya tofali au mbao, mchwa wasilifikie.

Hatua ya 4: Nguo

Hapa ndipo asubuhi inapoishia, kwa hiyo vumilia nikiwa mrefu.

Kwanza, angalia mbingu. Kama ni masika, kati ya Machi na Mei, au mvua za vuli zimeshika, fanya hatua ya 5 na ya 6, nguo ziache. Kabati la pwani likitolewa siku ya mvua, nguo zinanyonya unyevu wa hewani, ukizikunja na kuzifungia unakuwa umefungia ukungu. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, jua likiwa kali, ndiyo kazi yenyewe.

Toa zote, weka kitandani. Usijaribu nguo hata moja mwilini, ukianza kujaribu umekwisha. Anza na sare, maana hizo ni rahisi kuliko unavyodhani. Sare ya harusi huvaliwa siku ile, na pengine ya pili kwenye arobaini ya mtoto, basi. Bakiza ya harusi ya ndugu wa damu. Nyingine zote kiroba cha kugawa, na ukiona huruma kumbuka kwamba fundi anaweza kuikata magauni mawili ya mtoto.

Kisha kanga. Wifi alinikatiza hapa:

"Wifi, hii ya mama, usiitoe."

"Sitoi, dada. Naitafutia mwenzake."

Kanga zipange kwa doti kwanza, kabla hujaamua chochote. Chukua kipande, soma jina, tafuta cha pili chenye jina hilohilo na rangi hiyohiyo. Angalia pindo pia: kimoja kikiwa kimefifia kuliko kingine, basi kimekuwa kikibebea mtoto peke yake. Doti kamili ikunje vipande viwili pamoja, kisha izungushe kama mkeka, jina likae nje. Ukisimamisha mikunjo hiyo kwenye droo unasoma majina yote bila kufukua, na asubuhi ya msiba humwagi kabati zima ukitafuta ya kujifunga. Doti mpya ambazo hazijakatwa wala kupindwa zitenge, hizo ni zawadi tayari: akijifungua mtu umeshapata pa kushika. Vipande visivyo na mwenzake: viwili vitatu vya mbeleko, kimoja cha jikoni, vilivyobaki gawa.

Kabla ya kurudisha, tandaza juani nguo nzito: mablanketi, makoti, mashuka ya wageni. Zigeuze. Zikitoka juani usizikunje za moto, ziache kivulini zipoe kabisa ndipo ufunge. Kabati lenyewe lifute ndani kwa kitambaa chenye siki, hasa pembe za nyuma zenye madoa meusi, liache wazi likauke. Livute kutoka ukutani upana wa kiganja ili hewa ipite, maana ukuta wa nje unaolowa mvua ndio unaoleta ule ukungu. Ukilirudisha likagusa ukuta, kazi yote utaifanya tena masika yakiisha.

Na vile vidonge vyeupe vya nondo, naftalini, mimi sivitaki kwenye nyumba yenye watoto. Mtoto mdogo huvidhani pipi. Zaidi ya hapo, watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na pwani yetu wapo, chembe zao nyekundu za damu huweza kuvunjika kwa naftalini, na kichanga kinachofunikwa blanketi lililolala nayo kiko hatarini. Jua na kabati kavu vinatosha.

Hatua ya 5: Jikoni

Linganisha mifuniko na vyombo vyake. Kisicho na mwenzake kitoke. Hotipoti za zawadi bakiza mbili, na zile sahani za kabati la kioo zisizoguswa anza kulia.

Hatua ya 6: Karatasi

Usisome. Gawa tu. Za kudumu: hati au mkataba wa mauziano ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, kadi za kliniki. Risiti za zamani za kodi ya jengo ziweke pamoja na hati, ingawa tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme. Mwenye biashara atunze kumbukumbu zake miaka 5, sheria ya usimamizi wa kodi ndivyo inavyotaka. Karatasi za tokeni zilizokwisha ingizwa, kadi za michango ya harusi zilizopita na mabahasha, choma. Vyeti halisi usivipige leminesheni, viweke kwenye faili la plastiki la kifungo, juu kabisa ya kabati, na kila kimoja kiwe na picha yake kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini.

Hatua ya 7: Viroba vitoke, ndipo ununue vyombo

Ita bajaji kabla ya adhuhuri. Kiroba kikilala barazani kinafunguliwa. Usijisumbue kutafuta wa kukununulia nguo zako, wauza mitumba wana mabelo yao. Mpe jirani, au madrasa yenye watoto wengi.

Makontena ya plastiki yenye mfuniko nunua baada ya hapo, ukiwa umepima kina cha kabati kwa kamba. Kwa nguo chukua kapu la ukindu au la mkonge, linapumua. Plastiki iwe ya karatasi, chaja na vifaa vya shule tu.