Namna ya Kulinganisha Shorewanda na Chura wa Bustanini

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika madaftari ya wanafunzi ni kuandika "ndege" upande mmoja na "chura" upande wa pili, kisha kueleza kwamba mmoja huruka na mwingine hukaa majini. Ulinganishi wa jinsi hiyo haufiki mbali, kwa kuwa vyura wenyewe hawafanani: chura wa Kihansi kule kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, kwa mfano, hatagi mayai bali huzaa watoto waliokamilika. Kwa hiyo taja spishi kwanza. Mimi hupenda kumchukua shorewanda, yule ndege mwenye kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia, pamoja na chura mkubwa wa bustanini ambaye wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis, anayetambulika kwa msalaba hafifu ulio kati ya mabaka meusi ya kichwani na kwa wekundu wa mapajani.

Kisha tafuta swali moja ambalo wote wawili wanaweza kulijibu, na kwangu hakuna linalozidi sauti. Alfajiri msubiri shorewanda juu ya mpapai, umtazame mdomo: hufunguka anapolia, ingawa sauti yenyewe huanzia chini kabisa, pale bomba la pumzi linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Usiku, baada ya mvua, nenda kimya hadi ukingoni mwa dimbwi na umulike tochi kwa pembeni, nawe utamwona chura dume akikoroma huku kinywa na pua amevifumba. Hewa hutoka mapafuni, hupita kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, na kukitunisha kifuko cha kooni kama puto, kisha hurudi ilikotoka. Jambo hili lipe mistari mingi. Chura mwenyewe usimkamate, maana tezi zilizo nyuma ya macho yake hutoa sumu.

Andika pia ni nani anayeita. Kwa chura ni dume. Kwa shorewanda, dume na jike hufanana kwa sura, hivyo safu ya jinsia iache wazi.

Kuhusu uzazi, maneno machache yanatosha: shorewanda aghalabu hutaga mayai 2 au 3 na kuwalisha makinda, ilhali chura hutaga maelfu ya mayai majini kwa nyuzi ndefu na kuyaacha hapo.

Rudia zoezi wakati wa kiangazi, mahali pale pale na saa zile zile, ukiandika tarehe, hali ya joto na siku ya mvua ya mwisho.