Somo: Jambia la majini la Kiingereza, lisome kabla hujatoa hela

Wakuu, wiki iliyopita ndugu yangu mmoja aliyeko Uingereza alinitumia picha za jambia analouziwa. Muuzaji anaapa lilikuwa kiunoni mwa kijana wa manowari siku Waingereza walipolipiga kasri la Sultani Unguja, 27 Agosti 1896. Hadithi tamu, hasa kwetu. Nikamwambia akuze picha ya bapa. Chini ya taji kulikuwa na herufi G, V na R. Huyo ni George wa Tano (V ni tano ya Kirumi, R ni Rex, yaani mfalme kwa Kilatini), aliyeanza kutawala 1910. Vita ya Unguja haikufika hata saa moja, na aliyekuwa kwenye kiti wakati huo ni Victoria. Jambia lenyewe huenda ni halisi kabisa. Kilichoghushiwa ni hadithi, na ndiyo iliyopandisha bei.

Nazungumzia majambia ya vijana waliokuwa wakisomea uafisa katika Royal Navy, jeshi la majini la Uingereza. Utayajua kwa mpini mweupe wa ngozi ya samaki taa uliozungushiwa waya, kichwa cha simba mwishoni, na bapa lenye nakshi za tindikali: taji, nanga iliyozongwa kamba, matawi ya majani.

Hatua ya 1: Herufi za mfalme. V R ni Victoria (hapa V ni herufi ya jina lake, R ni Regina, malkia), hadi 1901. E VII R (Edward wa Saba) hadi 1910, G V R hadi 1936, G VI R (George wa Sita) hadi 1952, E II R (Elizabeth wa Pili) hadi 2022. Bapa linaweza kuwa kongwe kuliko tukio unalosimuliwa, maana kijana aliweza kurithi jambia la mjomba wake. Kuwa changa kuliko tukio, hapo hakuna maelezo.

Hatua ya 2: Taji na jina la duka. Kuanzia 1901 hadi 1952 tao za taji zimepanda mviringo. Taji la Elizabeth wa Pili limebonyea katikati. Maduka ya sare nayo yalizoea kuweka jina lao kwenye bapa, na majina ya biashara hubadilika. Gieves na Hawkes ziliungana 1974, kwa hiyo ukikuta majina hayo mawili pamoja kwenye bapa lenye V R, lirudishe mezani taratibu uage.

Hatua ya 3: Nakshi yenyewe. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nenda na lenzi ya sonara, ile inayokuza mara 10. Fundi wa zamani alilifunika bapa kwa nta au lami, akaacha wazi sehemu za kuliwa, kisha tindikali ikafanya kazi. Ndiyo maana sakafu ya nakshi ya kweli ni ya kijivu, ina chembechembe kama chumvi laini, na kingo zake zinatetereka kidogo. Leza huacha mistari iliyopangana kama daftari, au vidoti vya saizi moja, na pengine rangi ya kuungua pembeni.

Halafu tafuta kutu. Naam, kutu ni rafiki yako. Kishimo cha kutu kikiwa kimeanza kwenye chuma laini kikaingia kwenye nakshi na kuukata mstari wake, vizuri: nakshi ilitangulia. Lakini ukiona mstari umeteremka ndani ya kishimo na kupanda upande wa pili, basi umechorwa juu ya kutu. Mimi hilo lilinipita miaka michache nyuma. Bapa lilikuwa la kale kweli, ila lilikuwa tupu, na mtu akaliongezea nanga pamoja na jina la afisa. Bado ninalo, ndilo ninalofundishia.

Hatua ya 4: Mpini na ala. Punje za ngozi ya taa hazifanani, kubwa na ndogo zimechanganyika; plastiki hurudia mpangilio uleule na huwa na mshono wa kalibu. Maji ya dhahabu hutoka kwanza puani mwa simba na kwenye manyoya yaliyoinuka. Mwisho, bonyeza kitufe kinacholifunga jambia kwenye ala. Kama hakishiki, huenda hao wawili wamekutana ukubwani.

MASWALI

*Mkuu, nimeona moja lina taji la mviringo. Basi ni la kabla ya 1952?*

Si lazima. Charles wa Tatu amelirudisha taji la namna hiyo tangu 2022. Soma herufi kwanza. C III R ni ya juzi tu.

*Mimi niko Dar, muuzaji yuko Portsmouth. Lenzi nitaiwekaje?*

Mwombe picha zilizopigwa dirishani, mwanga ukitokea ubavuni. Flashi hulifanya bapa lote liwe jeupe na nakshi inapotea. Taka hasa picha ya mahali kutu na nakshi vinapokutana. Akikuletea picha ya simba peke yake mara tatu, umeshajibiwa. Na kabla ya kulipa, waulize forodha kama kitaingia. Silaha yenye makali si kanzu.

*Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alikuwa baharia, ameniachia moja, limeshika weusi. Nilisugue na stili waya ling'ae?*

Marahaba mwanangu, pole sana. Stili waya weka mbali, iache kwa masufuria. Pangusa bapa kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo ya cherehani, na usiliguse kwa vidole ukimaliza, jasho lina chumvi. Lisilale ndani ya ala, maana ngozi hushika unyevunyevu, hasa huko pwani. Vilaze ubavu kwa ubavu kabatini. Weusi huo uache hapohapo. Siku ukitaka kuliuza, mnunuzi anayejua atautafuta kwa lenzi.