Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupeleka Kichocheo Kipya Mtamboni

Maabara hukuuliza kama kichocheo chako, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuliwa, kinafanya kazi. Kiwanda kitakuuliza kama kitakuwa bado kinafanya kazi mwaka wa tano. Chuma kinachotumika kutengeneza amonia huweza kukaa mtamboni zaidi ya miaka 10 bila kubadilishwa, na hicho ndicho kipimo utakachopimiwa. Kwa hiyo yapitie haya kwanza.

Anza na joto. Metali haisubiri iyeyuke ndipo ianze kusogea. Chukua joto lake la kuyeyukia kwa kipimo cha Kelvini, ugawe kwa mbili: kuanzia hapo atomi huhama kwa urahisi, chembe ndogo hushikana, na uso wa kufanyia kazi hupungua. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, hivyo mpaka wake ni karibu 405. Ndiyo maana vichocheo vya shaba vya kutengenezea methanoli huendeshwa kati ya nyuzi 200 na 300 hivi. Piga hesabu hiyo kabla ya kuchagua metali.

Kibebeo, yaani kitu chenye vitundu vingi kinachoshikilia chembe za metali, nacho kina mipaka yake. Alumina (oksaidi ya alumini) ya aina ya gama huwa na uso wa mita za mraba 200 hivi kwa kila gramu, lakini ikipita nyuzi 1,000 hugeuka kuwa ya aina ya alfa na karibu uso wote hupotea. Silika usiiweke kwenye mvuke wa maji wenye joto kali na shinikizo kubwa: itaondoka na mvuke huo, kisha itaganda mbele ya safari kwenye mabomba yaliyopoa.

Vidonge vya kichocheo vipimwe nguvu vikiwa vipya na vikishatumika pia. Vikisagika, vumbi huziba njia ya gesi.

Jua sumu yako. Salfa huua nikeli, klorini huharibu shaba. Na kichocheo kioshwe kwa maji yaliyosafishwa. Maji ya bomba yana kloridi.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Niliwahi kuona timu ya watu makini kabisa ikileta grafu ya kupendeza: malighafi yote inageuka, asilimia 100, wiki baada ya wiki, mstari haushuki hata kidogo. Wote wakaamini kichocheo hakichoki. Kumbe bomba la majaribio lilikuwa na kichocheo kingi mno kuliko kazi iliyokuwepo. Sehemu ya mbele peke yake ilitosha kuimaliza. Salfa kidogo iliyokuwa kwenye gesi ikawa inaua tabaka la mbele, mmenyuko unahamia tabaka linalofuata, nalo linakufa, na kipimo kilichowekwa mwisho wa bomba hakioni chochote.

Kichocheo kikapakiwa mtamboni. Mwanzoni kila kitu kilikwenda sawa. Kisha, ghafla, malighafi ikaanza kutoka bila kugeuka, kwa sababu tabaka zima la mwisho lilikuwa limefikiwa. Waendeshaji wakapandisha joto ili kufidia, na joto likazidisha kushikana kwa chembe zilizobaki hai. Mtambo ukazimwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwemo kwenye takwimu za majaribio tangu mwanzo: vipimajoto vilivyopangwa kufuata urefu wa bomba vilionyesha sehemu yenye moto mkali ikisogea polepole kuelekea mwisho. Hakuna aliyeichorea grafu.

Basi punguza kichocheo, au ongeza kasi ya gesi, mpaka chini ya nusu ya malighafi ndiyo inayogeuka. Hapo kila udhaifu utaonekana siku hiyohiyo. Tumia gesi yenye uchafu ule ule wa kiwandani, siyo ile safi ya mtungi. Halafu rudia majaribio malighafi ikigeuka kwa kiwango kile kile cha kiwandani, kwani maji yanayozaliwa na mmenyuko wenyewe huweza kuharakisha kuchoka. Na chora joto la kila sehemu ya bomba, kila siku.

Usisahau siku ya kuamsha kichocheo, yaani kugeuza oksaidi yake kuwa metali kwa hidrojeni. Oksaidi ya shaba ikikutana na hidrojeni hutoa joto jingi, kwa hiyo hidrojeni ianze kidogo sana ndani ya nitrojeni, iongezwe pole pole huku macho yako kwenye vipimajoto. Siku ya kuzima pia ina hatari zake: nikeli iliyokwisha kuamshwa huweza kuwaka ikikutana na hewa, na ikipoa chini ya nyuzi 200 hivi huku kaboni monoksidi ingalimo, hutengeneza gesi ya nikeli kabonili, ambayo ni sumu kali. Ondoa kaboni monoksidi kabla hujapoza. Na tangi likiwa limejazwa nitrojeni, asiingie mtu bila hewa yake ya kupumulia na mwenzake wa kumwangalia mlangoni, hata kama anakwenda kuokota kidonge kimoja tu.